Msimvushe Mtu Kabla Jaji Hajasema

Wiki ya pili ya muhula huu, mwenzetu mmoja aliyepanga geto jirani na langu hapa Chuno alirudi kutoka ofisi moja mjini na bahasha yake vilevile alivyoondoka nayo. Alikuwa amekwenda kufuatilia kitambulisho. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, na barua ya mtendaji wa kijiji. Vyote hivyo havikuulizwa sana. Swali lililomkwamisha lilikuwa moja: "Bibi yako mzaa mama alizaliwa wapi?"

Akajibu ukweli, maana kijijini kwao jambo hilo si siri. Bibi alizaliwa upande wa Palma, akavuka mto kuja kuolewa huku, akazaa huku, akazikwa huku. Akaambiwa asubiri. Asubiri nini, hakuambiwa. Karatasi ya kuonyesha kwamba ameambiwa asubiri, hakupewa.

Jioni tulikuwa watano tunakula ming'oko kando ya barabara, mmoja wetu akamtania: "Mwana, wewe utavushwa Kilambo!" Tukacheka sana. Yeye hakucheka.

Naandika kwa sababu ya kicheko kile. Wengi wetu hapa tunasomea ualimu au biashara, na tunadhani mambo ya uhamiaji ni ya wageni waliokamatwa kwenye malori. Nimekaa siku kadhaa maktaba na kwenye simu nikisoma hukumu, maana nilitaka kujua jambo moja tu: ofisi ikisema wewe si wa hapa, unakwenda kwa nani? Nimegundua kwamba kwenye karatasi mlango wa mahakama upo, ila una kasoro kubwa mbili. Kuna sehemu sheria imeupigia kufuli, na hata ukifunguliwa, mara nyingi mtu anakuwa tayari ameshatolewa nje ya nchi. Hoja yangu ni kwamba rufaa inayosikilizwa wakati mwenyewe yuko ng'ambo ya mto si rufaa.

Kwanza tuelewane kwa nini bibi anaulizwa. Swali lenyewe lina mantiki yake. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mama yako ni raia wa kuzaliwa, unarudi kwa bibi, na ukifika kwa bibi unarudi kwa mzee wake. Kwa mtu wa Dodoma zoezi hilo linaweza kuisha kwa dakika tano. Kwa mtu wa mwambao wa Ruvuma linaweza lisiishe kabisa.

Chukua Kionga, ng'ambo tu ya mdomo wa Ruvuma. Wajerumani waliichukua kutoka kwa Wareno mwaka 1894 ikawa sehemu ya koloni lao, koloni lilelile la Mikindani na Lindi. Wareno wakaikalia tena mwaka 1916 wakati wa vita, na baada ya vita, mwaka 1919, wakapewa rasmi. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1900 na kufa mwaka 1920 alikuwa chini ya bendera mbili bila kuhama shamba lake la minazi. Kisha ikaja vita ya ukombozi wa Msumbiji ya 1964 hadi 1974, watu wakavuka kuja huku kwa maelfu, na sisi tukawapokea, tena kwa fahari, maana FRELIMO yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Baadaye ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe kule, watu wakavuka tena. Katikati ya yote hayo kulikuwa na ndoa, misiba, jando na unyago, uvuvi na biashara. Ukimuuliza mzee wa Kitaya au Kilambo shangazi zake wako wapi, atakuonyesha kidole pande zote mbili za mto.

Na hili halikuishia kwetu. Wamakonde walipelekwa Kenya tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge ya Pwani. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kwale, wakasoma Kwale, ila hawakuwa raia wa nchi yoyote. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Nilifurahi niliposoma habari ile, lakini kuna jambo linanisumbua. Walipata haki yao kwa sababu rais aliamua. Rais mwingine angeweza kuamua vinginevyo. Haki inayotegemea kupata nafasi ya kumwona mkubwa huwezi kumwachia mwanao urithi.

Ndiyo maana nauliza habari za mahakama.

Hapa kwetu mambo ya uhamiaji hupita njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya jinai. Unakamatwa, unashtakiwa kwa kuwepo nchini isivyo halali, unafikishwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Ukitiwa hatiani una siku 10 za kutoa taarifa kwamba utakata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu, ambayo kwetu ni Kanda ya Mtwara, hapahapa mjini. Usiporidhika, unatoa taarifa ndani ya siku 30 kwenda Mahakama ya Rufani. Ngazi zinaonekana, muda unajulikana.

Njia ya pili ni ya kiutawala, na hii ndiyo inayotisha. Hakuna kesi. Kuna afisa, faili, barua, au hata hakuna barua. Uamuzi unaweza kupanda hadi kwa Waziri. Na hapo ndipo unapokutana na kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Kwa lugha nyepesi, kifungu hicho kinasema Waziri halazimiki kutoa sababu ya uamuzi wake, na uamuzi huo haukatiwi rufaa wala haupitiwi na mahakama yoyote. Nilikisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Mwizi wa kuku ana rufaa mpaka kwa majaji watatu wa Rufani. Mtu anayeambiwa hana nchi, sheria inamwambia yameisha.

Wanasheria watanisahihisha, na ni kweli: Mahakama Kuu haikubali kufungiwa mlango kirahisi. Kuna kitu kinaitwa mapitio ya mahakama. Unaomba kwanza kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe, kisha unaomba uamuzi utenguliwe. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha ya mwaka 1990, ilitaja mambo ambayo jaji huyaangalia: je, mwamuzi alikuwa na mamlaka? Alizingatia yasiyohusika, au aliacha yanayohusika? Alifikia jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingelifikia? Alimsikiliza mhusika? Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama hiyohiyo ilikibatilisha kifungu kilichomtaka mwananchi aombe ridhaa ya serikali kabla ya kuishtaki serikali. Na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa, na ibara ya 107A inasema Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki.

Kwa hiyo mwenye wakili mzuri anaweza kujaribu. Lakini tuwe wakweli. Mapitio si rufaa. Kwenye mapitio jaji anaangalia namna uamuzi ulivyofikiwa, hakai kupima kama bibi alizaliwa Palma au Msimbati. Na miezi sita inaanza kuhesabiwa lini kwa mtu ambaye hakupewa karatasi yoyote, kama jirani yangu?

Kesi iliyonifungua macho ni ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kwa taratibu za ndoa, jambo la heri kabisa. Uraia wake ukatiliwa shaka, pasipoti ikachukuliwa. Mwaka 2014 akakamatwa, na Septemba mwaka huo akatolewa nchini kupitia mpaka wa Sirari. Kenya nayo ikasema huyu si wetu, ikamrudisha. Akabaki katikati, kwenye ardhi isiyo ya nchi yoyote, na kesi yake ikasikilizwa Arusha yeye akiwa hukohuko mpakani.

Tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu. Ilisema mambo mawili ambayo natamani kila mwanachuo wa Mtwara ayajue. La kwanza: mtu ambaye dola yenyewe ilimpa cheti cha kuzaliwa na pasipoti anahesabiwa raia, na anayebisha, yaani serikali, ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. La pili: Anudo alinyimwa nafasi ya kusikilizwa na mahakama, na sheria yetu ina pengo, kwa kuwa raia wa kuzaliwa akitiliwa shaka hana njia ya mahakama iliyo wazi. Tanzania ikaamriwa irekebishe sheria yake iweke njia hiyo, na imruhusu Anudo arudi.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Novemba 2019, ikaja hukumu ya Penessis, mtu aliyekamatwa Kagera mwaka 2010 na kutiwa hatiani kwa kuwepo nchini isivyo halali huku akisema yeye ni Mtanzania. Mahakama ya Afrika ikasema haki yake ya uraia na ya uhuru zilivunjwa. Angalia tarehe lakini. Siku saba kabla ya hukumu hiyo, tarehe 21 Novemba 2019, Tanzania ilikuwa imeondoa tamko lake lililomruhusu mtu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kujitoa kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama iko Arusha, unaweza kupanda basi ukafika getini, ila Anudo wa leo hawezi kufungua kesi pale.

Si Anudo na Penessis peke yao. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne maarufu si raia, mmoja wao Jenerali Ulimwengu, mwandishi ambaye alishakuwa mkuu wa wilaya na mbunge wa nchi hii. Ilimbidi aombe uraia kama mgeni, akapewa. Mwaka 2018 Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi, mwenzetu kabisa wa chuo, aliitwa kuhojiwa uraia wake, maswali yakafika kwa wazazi na mababu. Mwaka 2019 mwanahabari Erick Kabendera alikamatwa, na maelezo ya mwanzo yaliyotolewa yalikuwa kwamba uraia wake unachunguzwa. Mashtaka yaliyokuja baadaye yakawa ya mambo mengine kabisa. Mimi sidai kujua kilichokuwa kwenye mafaili yao. Ninachosema ni kwamba swali la "bibi yako alizaliwa wapi" linaweza kuulizwa siku yoyote, kwa mtu yeyote, na jibu lake linapokuwa mikononi mwa anayeuliza, hakuna aliye salama.

Sasa tuangalie nje kidogo, maana tatizo la kumtoa mtu kwanza na kumsikiliza baadaye si letu peke yetu.

Kenya wana mahakama zenye meno, na bado. Februari 2018 Miguna Miguna, mwanasheria na mwanasiasa, alipandishwa ndege kwenda Canada wakati Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza afikishwe mbele yake. Machi aliporudi alizuiliwa uwanja wa ndege wa Nairobi, jaji akaamuru aachiwe, akapandishwa ndege nyingine. Jaji akawatia hatiani waziri na wakuu wawili kwa kuidharau mahakama, akawatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema kufukuzwa kwake kulikuwa batili na hakuwahi kupoteza uraia, na ikampa fidia ya zaidi ya shilingi milioni 7 za Kenya. Alishinda karibu kila mahali. Alirudi nyumbani lini? Oktoba 2022, serikali nyingine ilipoingia madarakani. Ushindi wa mahakamani ulikaa miaka karibu minne kabatini kwa sababu mwenyewe alikuwa ng'ambo.

Uingereza nao walijaribu kuliandika hili kwenye sheria kabisa. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014 ilimruhusu waziri wao kumfukuza mtu aliyefungwa kwa kosa la jinai kwanza, kisha akate rufaa akiwa kwao. Mmoja wa waliokumbwa ni kijana Mkenya anayeitwa Kiarie, aliyefika Uingereza mwaka 1997 akiwa na miaka mitatu. Alikuwa na makosa ya dawa za kulevya, tena alikiri. Alishindwa Mahakama ya Rufaa ya kule. Akaenda Mahakama ya Juu pamoja na mwenzake Mjamaika, na tarehe 14 Juni 2017 majaji wakawapa ushindi. Sababu zao hazina ufundi mwingi, hata mama muuza samaki wa Feri angezielewa. Mtu aliyeko mbali anampataje wakili na anamlipaje? Anawezaje kutoa ushahidi wake mwenyewe, jaji akamwona na kumpima? Nani atalipia mitambo ya kuzungumza kwa video kutoka huko aliko? Rufaa ambayo haiwezi kuendeshwa ipasavyo, wakasema, haitendi haki.

Nataka tukumbuke kwamba Kiarie hakuwa raia wa Uingereza, na alikuwa na hatia. Kama mgeni mwenye hatia anastahili kusimama mbele ya jaji kabla hajapandishwa ndege, vipi kijana wa Mtwara mwenye cheti cha kuzaliwa cha Tanzania, ambaye kosa lake pekee ni bibi kuolewa upande huu wa mto?

Najua hoja itakayokuja, kwa sababu nilishaijadili na mjomba wangu, ambaye aliwahi kuwa mgambo. Aliniambia: "Ninyi wasomi mnaongea, Kitaya mnaijua?" Naijua. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivuka mto wakaingia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Vita ile ilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Hakuna mtu wa mkoa huu anayechukulia mpaka kama mchezo. Dola ina haki, tena ina wajibu, wa kujua nani anaingia. Na mjomba ana hoja nyingine: mahakama zinachelewa. Kesi ikikaa miaka mitatu, mtu hatari anakaa nchini miaka mitatu.

Namjibu mjomba kwa heshima hivi. Mtu hatari akitiliwa shaka, sheria ya jinai ipo: mshtaki, mnyime dhamana kama sheria inaruhusu, mfikishe mbele ya jaji. Kumvusha mto si kumdhibiti, ni kumpeleka aliko mwenzake. Na kuchelewa kwa mahakama dawa yake ni kuweka muda. Mashauri ya uchaguzi yamewekewa muda na yanamalizika. Kwa nini shauri la uraia lisiwekewe siku 60 au 90? Pia tusisahau upande wa pili wa hadithi ileile. Mwaka 2021 shirika la UNHCR lilisema maelfu ya watu waliokimbia Palma na vijiji vyake walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Hao walikuwa wakimbizi, sheria yao ni nyingine, lakini fikiria: katika kundi kama lile, lililoondolewa haraka haraka, ungemjuaje Mtanzania aliyekuwa ameolewa kule na sasa anarudi kwao? Usipomsikiliza mtu mmoja mmoja, utakosea. Na ukishakosea, nani atakuambia, wakati aliyeonewa yuko ng'ambo?

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na yote yanawezekana.

Moja, kifungu cha 23 kifunguliwe kama ilivyoagizwa mwaka 2018. Agizo lile lilitolewa kabla hatujajitoa, na kujitoa hakufuti deni lililokwisha kuandikwa. Uamuzi juu ya uraia wa mtu uende Mahakama Kuu kwa rufaa kamili, ushahidi upimwe, kisha Mahakama ya Rufani. Bunge linaweza kufanya hivyo kwa ukurasa mmoja.

Mbili, anayekata rufaa asitolewe nchini mpaka shauri liishe. Liandikwe kwenye sheria, lisiachwe kwa hisani ya afisa au kwa mbio za wakili anayetafuta amri ya zuio Jumamosi usiku.

Tatu, sababu zitolewe kwa maandishi. Hili lina mfano hapa Afrika Mashariki. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mohochi, alizuiwa kuingia Uganda pale Entebbe bila kupewa sababu. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Mei 2013 majaji wakasema Uganda ilikosea: huwezi kumzuia mtu bila kumpa sababu wala nafasi ya kujieleza. Mahakama hiyo bado iko wazi kwa mtu binafsi, ila ina muda mfupi sana, miezi miwili tu tangu jambo litokee. Ukikaa unasubiri "njoo wiki ijayo" mara nane, muda umeisha.

Hayo ni ya Bunge na serikali. Ya kwetu sisi ni madogo, ila tusiyadharau. Kama kwenu ni mwambao wa mto, rudi likizo hii uongee na wazee wakiwa hai. Andika majina, vijiji, miaka, nani alimuoa nani. Tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, daftari la shule ya msingi, chochote chenye tarehe. Cheti cha kuzaliwa kama huna, anza kukifuatilia leo, usingoje bumu liishe. Ofisi ikikuambia subiri, waandikie barua wewe mwenyewe, taja tarehe uliyofika na ulichoambiwa, waombe majibu kwa maandishi, nakala ubaki nayo yenye muhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala ndiyo itakayomwonyesha jaji siku zilianza kuhesabiwa lini.

Na serikali yetu ya wanafunzi, badala ya kutumia bajeti yote kwenye bonanza na fulana, ifungue dawati la msaada wa kisheria, hata siku moja kwa wiki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Hukumu zote nilizotaja za hapa nyumbani na za Arusha zinasomeka bure kwenye simu, na tangu mwaka 2021 sheria imeifanya lugha ya mahakama iwe Kiswahili, kwa hiyo hukumu mpya zinazidi kuwa zetu. Mtu asituambie tena kwamba mambo haya ni ya wenye suti.

Jirani yangu ameshaandika barua yake. Tuliiandika pamoja, usiku, kwa taa ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Kwenye mstari wa mwisho alitaka kuandika "naomba mnihurumie". Nikamwambia afute. Akaandika "naomba majibu kwa maandishi". Ilipokelewa, nakala ikagongwa muhuri, ameiweka ndani ya bahasha ileile pamoja na vyeti. Majibu hajapata. Ila safari hii ana tarehe.